Mercedes 207 ya zamani, nyumba juu ya magurudumu: namna ya kuchagua ile yenye iko nzima

Mara nyingi mambo inaanzaka na picha. Ndugu mwenye anaishi Liège, Brussels ao Köln anatuma mu telefone ya jamaa picha ya gari nyeupe ya zamani. Ndani kuko kitanda, meza, jiko ya gesi, kabati na friji ndogo. Muuzaji anasema bei ni ya kirafiki na moteri haichokake. Ndugu anauliza: niikamate ao niache? Feza yenye anataka kutosha ni akiba ya miaka mingi, na nyuma ya ile akiba kuko minervali ya watoto na dawa ya wazazi huku kwetu. Gari mbaya inaweza kuimeza yote mu miezi michache.

Hii makala inaeleza gari-nyumba ya zamani ni nini, sababu gani Mercedes 207 inatafutwa sana, na mambo gani ya kuchunguza mbele ya kutosha hata dola moja.

Gari gani hii?

Gari-nyumba, ile yenye wengi wanaita kampingi-kari, ni gari yenye inabeba chumba cha kulala na cha kupikia. Ulaya watu wengi wanaitumia kwa mapumziko. Wengine wanakaa ndani mwaka muzima, sababu kodi ya nyumba imepanda.

Kati ya zile za zamani, kuko aina tatu zenye zinajulikana sana. Ya kwanza ni Volkswagen ndogo ya miaka ya 1960 mpaka 1980, yenye moteri iko nyuma. Inapendwa sana, na kwa sababu hiyo bei yake imekuwa kali kupita nguvu yake. Ya pili ni Fiat Ducato, yenye ilianza mwaka 1981, pamoja na mapacha yake Peugeot J5 na Citroën C25. Hizo zinavuta na magurudumu ya mbele, na makampuni mengi yalijenga nyumba juu yake. Ya tatu ni Mercedes 207 D na ndugu zake.

Mercedes hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1977 mu mji wa Bremen, Ujerumani. Kisha kazi ikahamia Düsseldorf, na ikaisha mwaka 1995 wakati Sprinter ilikamata nafasi yake. Ni kusema hata ile ya mwisho kabisa iko na miaka karibu 30 ao zaidi. Kila moja ni gari ya mzee, hata kama rangi yake inangaa.

Kusoma namba ya nyuma

Namba yenye kuandikwa nyuma ya gari iko na maana. Tarakimu ya kwanza inaonyesha uzito wenye gari inaruhusiwa kufikisha, karibu kwa tani. Mbili za nyuma zinaonyesha nguvu za moteri: 07 ni karibu nguvu za farasi 70. Herufi D ni ya mazutu. Kwa hiyo 207 D na 307 D ziko na moteri moja ya silinda nne, litri 2,4, lakini 307 inaruhusiwa kubeba zaidi, mpaka tani 3,5. Ile ya 407 inapita hapo na iko na magurudumu mawili mawili nyuma.

Moteri ya 207 D ilikuwa na nguvu za farasi 65 mu mwanzo, kisha 72. Ni kidogo kwa gari yenye kubeba nyumba. Kwenye mlima itapanda polepole, na wenye haraka watapiga honi nyuma. Mwenye anataka nguvu zaidi anatafuta 209 D ao 309 D, yenye silinda tano na nguvu za farasi 88, ao zile za mwisho, 210 D na 310 D, zenye kufika 95. Mwenye anakutana na 208 ao 308 isiyo na herufi D ajue ile inakunywa esanse, na inakunywa sana.

Ile ile ya Kinshasa

Watu wa Kinshasa hawahitaji kuelezwa 207. Gari za mizigo za aina hiyo, zenye zilikuwa zimechoka Ulaya, ziliingia nchini kupitia Matadi. Mafundi walikata madirisha mu mabati ya pembeni, wakaweka viti virefu vya kukaa kwa kubanana, na gari ya mizigo ikawa basi. Kwa sababu ya ajali, wakaaji waliipa jina la Kifaransa « esprit de mort », roho ya kifo.

Kuko fundisho hapo. Gari hiyo haiko na vyombo vya elektroniki. Pompi ya mazutu ni ya chuma, na fundi mwenye mikono mizuri anaweza kuifungua chini ya mti. Njo maana inadumu. Lakini moteri yenye inakubali kuwaka kila asubuhi haimaanishe gari iko nzima. Freni zinachakaa, mapine yanazeeka, mabati yanaoza, na moteri inaendelea tu kuimba. Mnunuzi mwenye anasikiliza moteri peke yake anadanganyika.

Kwanza karatasi

Mbele ya kufungua mlango, omba karatasi. Namba ya shasi yenye kuandikwa kwenye karatasi inapaswa kuwa sawa kabisa na ile yenye kupigwa mu chuma. Kama herufi moja inatofautiana, ao mahali pa namba pamesuguliwa ama kupakwa rangi mpya, achana nayo. Angalia pia kama jina la mwenye kuuza njo lile la kwenye karatasi. Kama anasema gari ni ya shemeji mwenye kusafiri, ngoja shemeji arudi.

Omba karatasi ya ukaguzi wa tekniki ya mwisho, na zile za miaka ya nyuma. Kilometa zenye kuandikwa humo zinapaswa kupanda mwaka kwa mwaka; kama zinashuka, mtu aliguza saa ya kilometa.

Kutu, adui mkubwa

Kwa hii Mercedes, moteri ikifa inabadilishwa. Kutu ikikula mifupa ya gari, kazi ya kuchomelea inaweza kupita bei ya gari yenyewe.

Njoo mchana, siku bila mvua, na nguo za kazi. Lala chini. Angalia mihimili ya pembeni chini ya milango, mahali pa kukanyagia unapopanda, matao ya magurudumu, mazunguko ya kioo cha mbele, na mifereji ya mvua kwenye paa. Inua tapi ya mu kabini: kama sakafu iko na majimaji, maji yanapita kwenye kioo. Gonga na kichwa cha turnavisi. Chuma kizima kinalia. Chenye kuoza kinatoa sauti ya karatasi, ao turnavisi inaingia.

Ogopa rangi nyeusi mpya yenye kupakwa chini ya gari nzima. Mara nyingine ni matunzo mazuri. Mara nyingine ni blanketi juu ya maiti. Omba muuzaji picha zenye zilikamatwa mbele ya kupaka.

Moteri ikiwa baridi

Fika na weka mkono juu ya kapo. Kama iko na moto, muuzaji aliiwasha mbele, na pengine anaficha shida ya asubuhi. Mwambie utarudi kesho.

Ngojea kidogo taa ya kupasha moto izimike, kisha moteri baridi inapaswa kuwaka. Angalia moshi. Moshi mweupe wa mwanzo wenye unaisha haraka hauna neno. Moshi wa bluu wenye haukatike ni mafuta ya moteri yanaungua. Moshi mweusi mzito ni mazutu mingi ao hewa kidogo: filtre, sindano ao pompi. Fungua kifuniko cha mafuta ya moteri wakati inazunguka: kama mvuke unapuliza kwa nguvu, silinda zimechoka. Na kama chini ya kifuniko kuko kitu kama maziwa mazito, maji yanaweza kuwa yanaingia mu mafuta.

Kisha endesha nusu saa kwa uchache. Panda mlima na uangalie mushale wa joto. Shuka kwa vitesi ya pili na usikie kama inaruka. Kanyaga freni kwa nguvu mahali peupe: gari ikivuta upande mmoja, kuko kazi.

Kwa mapine, usiangalie tu meno. Pembeni kuko tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni juma, mbili za nyuma ni mwaka. 2318 ni juma la 23 la mwaka 2018. Gari-nyumba inalalaka miezi mingi bila kutembea, kwa hiyo pine linaweza kuwa na meno mazuri na huku mpira umekauka. Hii namba inasomwa vilevile kwenye Hiace ya Goma.

Sanduku la nyumba: maji yanajificha

Hapa njo gari-nyumba inatofautiana na basi. Nyingi kati ya zile kubwa zilijengwa na mabati membamba ya alumini inje, mbao ndani, na povu katikati. Alumini haionyeshe kutu nyekundu, lakini maji yakiingia kwenye kiungo kimoja, mbao inaoza kimya kimya miaka mingi.

Ingia na funga milango dakika tano. Pua itakuambia. Kisha kandamiza ukuta na kidole gumba: mu pembe zote, chini ya madirisha, kuzunguka mashimo ya paa, na juu ya kabini mahali pa kitanda. Pahali palaini ni pahali paliooza. Fungua makabati, inua magodoro. Karatasi mpya ya ukutani kwenye upande mmoja tu ni alama ya kuuliza. Gari yenye ilijengwa ndani ya mwili wa chuma wa Mercedes yenyewe haiko na hiyo shida kwa kiasi hicho, lakini kutu yake inakuwa nyuma ya mbao, kwa hiyo uliza kama inawezekana kufungua ubao mmoja.

Gesi: hapa hakuna mchezo

Jiko, chauffage na friji vinaweza kutumia gesi. Gesi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini na kulala kwenye sakafu. Ndiyo sababu sanduku la chupa linapaswa kuwa na tundu la hewa chini, na mtu asilizibe kwa kuogopa baridi.

Hatari ya pili haiko na harufu. Chauffage ya zamani yenye bomba la moshi limetoboka inaweza kujaza chumba na ile hewa yenye sumu, monokside ya kaboni. Ni hewa ile ile yenye inaua jamaa zenye kuingiza mbabula ya makala mu nyumba iliyofungwa usiku wa baridi. Mu chumba cha metre chache, watu wanalala bila kuamka. Omba karatasi ya ukaguzi wa gesi. Kama haiko, hesabu kwamba mipira, detendere na chauffage vitapimwa na fundi mwenye ruhusa mbele mtu yeyote alale humo. Kengele ndogo ya kugundua hewa hiyo haina bei kubwa. Nunua hata mbele ya mapazia.

Uzito na sheria

Ruhusa ya kuendesha ya aina B mu nchi za Umoja wa Ulaya inaishia kilo 3500. Gari-nyumba nyingi ziko karibu na mpaka huo zikiwa tupu. Maji litri 100 ni kilo 100. Ongeza chupa za gesi, watu, chakula na kinga. Peleka gari kwenye mizani mbele ya kununua.

Angalia pia miji yenye inakataza magari ya moshi mwingi. Antwerpen ilianza mwaka 2017, Brussels mwaka 2018. Ujerumani, gari yenye imefikisha miaka 30 na iko katika hali nzuri ya asili inaweza kupata namba ya magari ya kale yenye herufi H, na hiyo inaifungulia njia mu zile sehemu.

Kuituma nyumbani?

Usukani wake wa kushoto unafaa barabara zetu. Zaidi ya hapo, kuko mengi ya kufikiri. Sanduku la alumini na mbao halikujengwa kwa mashimo. Misumari na gundi vinaachia. Nguvu za farasi 65 na tani tatu juu ya mlima wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, ni mateso ya kupanda na hatari ya kushuka. Piesi za 207 zinapatikana zaidi upande wa Kinshasa. Mashariki, gari nyingi ni za Japani zenye kupitia Dar es Salaam na Mombasa. Na mbele ya kulipa meli, uliza duane sheria ya siku hiyo juu ya umri wa gari zenye kuingizwa. Kwa wengi, gari-nyumba inabaki na faida kule kule Ulaya.

Basi ndugu wa kwenye telefone ajibiwe nini? Asitume avansi kwa picha. Aende na fundi asiyejuana na muuzaji, na amulipe siku yake. Abakize pembeni angalau sehemu ya tatu ya feza yote kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Pine la zamani, batri, mpira wa freni: hayo yanapunguza bei. Mifupa yenye kuoza, ukuta wenye maji na karatasi zenye kupingana: hapo aseme asante, apande treni, arudi nyumbani na feza yake.