Dansi Ndani ya Seng'enge

Tunapozungumza juu ya kumtunza mgonjwa wa muda mrefu, aghalabu tunataja dawa, chakula, kitanda safi na muuguzi mwenye huruma. Mambo ya ngoma, mchezo na mazungumzo huja mwishoni kabisa, kama sukari inayonyunyizwa juu ya uji uliokwisha kuiva. Kuna hospitali moja ya Marekani ambayo historia yake inanifanya nione kwamba tumeyapanga mambo haya vibaya.

Mahali penyewe panaitwa Carville, katika jimbo la Louisiana, kando ya mto Mississippi. Palikuwa na shamba la miwa lililotelekezwa, lenye jumba kubwa lililoanza kuporomoka na vibanda walimokaa watumwa zamani. Mwishoni mwa mwaka 1894 wagonjwa 7 wa ukoma waliletwa hapo kutoka New Orleans, usiku, wakiwa wamepakiwa katika tishali la makaa ya mawe. Majirani walikuwa wameambiwa kwamba shamba linachukuliwa kwa ajili ya kufuga mbuni. Wagonjwa wakawekwa katika vile vibanda vya watumwa. Mwaka 1896 wakaja masista wa Kikatoliki kuwauguza, na mwaka 1921 serikali kuu ya Marekani ikaichukua hospitali, ikawa Hospitali ya Mabaharia Namba 66, ya kupokea wenye ukoma kutoka kila pembe ya nchi.

Kuingia Carville kulikuwa kama kufa ukiwa hai. Wengi walibadili majina siku ileile ya kufika, ili aibu isiwafuate ndugu waliobaki nyumbani. Barua zao zilipitishwa kwenye joto kali kabla ya kutumwa, eti zisiambukize. Ndoa ilikatazwa kwa miaka mingi, na kura hawakuwa nayo. Ua ulizungushwa seng'enge, na aliyetoroka kisha akakamatwa aliadhibiwa kwa kufungiwa. Hawa hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu walioumwa ugonjwa ambao, kama tunavyojua leo, ni wa shida kuambukiza, kwani walio wengi miongoni mwetu wana kinga nao ya asili.

Na ndani ya seng'enge hiyo watu walicheza dansi. Kulikuwa na ukumbi, kulikuwa na sinema, kulikuwa na timu ya softboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ambao Wamarekani wanaupenda. Timu za nje zilikuja kucheza nao, maana wao hawakuruhusiwa kutoka kwenda kuzitembelea. Kila mwaka kabla ya Kwaresima walifanya sherehe ya Mardi Gras kama watu wote wa Louisiana, wakatengeneza mavazi, wakamchagua mfalme na malkia, wakaandamana.

Mtu anaweza kusema kwamba huku kulikuwa ni kumpa mfungwa peremende asahau pingu. Sina haraka ya kumbishia. Serikali inayomnyima mtu kura na kumpa sinema ina jambo la kujibu, na nyumba nyingi za matunzo, za huko na za kwetu, zimetumia burudani kwa kusudi hilohilo: watu watulie, wasisumbue. Hata hivyo mambo ya Carville hayakuishia hapo.

Mwaka 1931 aliletwa mfamasia mmoja kutoka Texas. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sidney Levyson, lakini alipofika akajiita Stanley Stein. Alikuwa mpenzi mkubwa wa michezo ya kuigiza. Hakukuta kitu cha kufanya, akaona wenzake wamekaa tu wakingojea siku zipite, basi akawakusanya wakaunda klabu ya starehe na kuigiza tamthilia. Mwaka huohuo akaanzisha gazeti la wagonjwa, akaliita The Sixty-Six Star, kutokana na namba ya hospitali. Mwanzoni lilikuwa gazeti la habari za nyumbani: nani amecheza vizuri, kuna sinema gani, klabu imepanga nini.

Lakini mtu akishapata mahali pa kuandika juu ya dansi, hakawii kuandika juu ya mengine. Gazeti lilipata upinzani, likasimama mwaka 1934. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ukampofusha Stein kabisa. Hata maandishi ya vipofu hakuweza kuyasoma, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Mwaka 1941 akalifufua gazeti, sasa likiitwa The Star, yeye akisomewa na wengine na kutamka maneno yaandikwe. Likasomwa ndani na nje ya Marekani. Kichekesho chungu ni kwamba nakala zake nazo zilipitishwa kwenye joto kabla ya kutumwa, ilhali ndani yake mlikuwa na makala za kueleza kwa nini jambo hilo halina maana.

Vita vyake vikubwa vilikuwa juu ya neno. Alitaka Waingereza na Wamarekani waache kabisa lile jina la Kiingereza linalomwita mgonjwa kwa ugonjwa wake, na badala yake waseme ugonjwa wa Hansen, kwa heshima ya daktari wa Norway aliyevigundua vijidudu vyake mwaka 1873. Sisi wa Kiswahili tusijione tumepona. Wangapi kati yetu husema "mkoma" bila kusita, na ni wangapi husema "mwenye ukoma"? Neno la kwanza linammeza mtu mzima. La pili linamwacha mtu, na ugonjwa ukawa kitu alicho nacho tu.

Mwaka 1941 huohuo daktari Guy Faget alianza kuwatibu wagonjwa wa Carville kwa dawa ya sindano iitwayo Promin, na watu waliokuwa wamekata tamaa wakaanza kupata nafuu. Nisiidharau dawa hiyo, maana ndiyo iliyofungua mlango wa tiba duniani kote. Lakini dawa haimrudishii mtu kura. Wagonjwa walirudishiwa kura mwaka 1946, na seng'enge ikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya watu waliojifunza kushirikiana katika klabu, kamati za sherehe na chumba cha gazeti kudai mambo hayo kwa sauti moja. Sidhani kwamba watu waliokaa kila mmoja kitandani kwake, hata wangelishwa vizuri namna gani, wangeyadai.

Hapo ndipo naona tofauti kati ya burudani mgonjwa anayoletewa na ile anayoimiliki. Twaijua ya kwanza: wageni wanafika kwenye makazi ya wazee na sabuni na sukari, wanaimba nyimbo mbili, wanapiga picha, wanaondoka kabla ya jua kutua, na hakuna aliyemwuliza mzee hata mmoja angependa wimbo gani. Ya pili ina makelele, ina ugomvi wa nani awe mfalme wa Mardi Gras, na huwachosha wakuu wa hospitali.

Stein alikufa mwaka 1967, angali mtu wa Carville. Hospitali yenyewe ilihamishwa mwaka 1999, na wagonjwa waliobaki, wengi wao wazee, wakaambiwa kwamba atakayekubali kwenda kuishi nje atalipwa dola 33,000 kila mwaka. Baadhi walichukua fedha wakaenda. Wengine walikataa. Walikuwa huru kuondoka, seng'enge haikuwapo tena, lakini marafiki zao walikuwa pale, na makaburi ya wenzao waliocheza nao dansi yalikuwa palepale chini ya miti, mengine yakiwa na yale majina waliyojichagulia siku ya kufika.