Maana ya Neno "Mtemi"

Mtu apitaye Mwamkulu, penye mashamba ya mpunga karibu na mji wa Mpanda, yumo katikati ya nchi mbili zilizowaita watawala wao kwa majina mbalimbali. Kusini, Wafipa walimwita mtawala wao Mwene. Kaskazini, Wanyamwezi na Wasukuma walimwita wa kwao Mtemi. Tofauti ya majina hayo yafaa kuangaliwa.

Mwene ni ndugu ya neno letu mwenye: ndiye mwenye nchi. Lakini Mtemi limetoka katika kutema, yaani kukata kwa shoka au panga, kama tusemavyo kutema kuni. Je, mtemi alikata nini? Majibu ni mawili. Wengine husema kwamba alikata mwitu: yule wa kwanza aliyefyeka pori na kuwagawia watu mashamba ndiye aliyestahili kutawala. Wengine husema kwamba alikata maneno: wazee walipokwisha kushindana barazani, yeye alitoa hukumu ya mwisho. Wala msistaajabu, maana hata Kiswahili husema kukata shauri.

Mataifa mengine waliwaita wafalme wao kwa majina ya majumba. Wajapani wa kale walimwita mfalme wao Mikado, maana yake Lango Tukufu. Na Farao wa Misri, maana yake Nyumba Kubwa. Majina hayo hutangaza fahari ya mfalme, wala hayasemi kazi yake. Jina la Mtemi lataja kazi tu. Asiyefyeka wala kuamua, jina lake lamsuta.

Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, lakini neno halikufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walipoanzisha Sungusungu ili kuwazuia wezi wa ng'ombe, mkuu wao walimwita mtemi. Hakurithi kiti cha enzi. Alipewa jina kwa ajili ya kazi.

Wasukuma wengi wamehamia nchi ya Mpanda pamoja na mifugo yao, na neno lao wamekuja nalo. Mahali ambapo mkulima na mfugaji hutaka ardhi ile ile, kufyeka peke yake hakutoshi. Yahitajiwa pia kuamua kwa haki. Basi kila apewaye uongozi, kwa jina lo lote, na aulizwe swali lile la kale: Wewe wakata nini?