Plaiwudi: Sisi na Jirani Zetu

Ukipita Keko, wilayani Temeke, utamkuta seremala ameilaza shiti ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, anapima mgongo wa kabati. Mninga ni ghali, kwa hiyo milango tu ndiyo inayopewa mninga. Muulize shiti imetoka wapi. Mara nyingi atakujibu kwa neno moja: China. Jibu hilo lina historia, na katika historia hiyo tumo sisi na Kenya.

Kenya ilitangulia. Kampuni ya Timsales ilianza mwaka 1932, ikawa na kiwanda chake Elburgon, na baadaye Eldoret ikapata RaiPly. Sisi, baada ya Azimio la Arusha la 1967, tuliunda shirika la umma la viwanda vya mbao, TWICO, mwaka 1971. Bodi zikatengenezwa Mkumbara, mkoani Tanga, na Arusha, na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, Mufindi, ukapanuliwa.

Sasa tazama mwanzo wa miaka ya 1980. Mtu anayesoma tarakimu tu za forodha anaweza kudhani nchi hizi zilikuwa sawa, kwa kuwa hakuna iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa bodi za ng'ambo. Lakini Kenya haikuagiza kwa sababu ilijitengenezea. Sisi hatukuagiza kwa sababu fedha za kigeni hazikuwapo. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imetukausha, na mpaka na Kenya, uliofungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, haukufunguliwa hadi 1983. Viwanda tulikuwa navyo, ila bodi haishikani bila gundi, na mashine haizunguki bila vipuri. Wenye umri wangu wanakumbuka kitanda kilivyosubiriwa miezi!

Bajeti ya 1984 ilimruhusu mwenye fedha zake nje alete bidhaa. Hapo mlango ukafunguka, na haujafungwa tena.

Upande wa Kenya mambo yaligeuka mwaka 1999, Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu yake, ikaviacha viwanda vikubwa vichache tu. Februari 2018 ikazuia tena. Rais Ruto akatangaza kuondoa zuio hilo Julai 2023. Katika miaka hiyo Kenya ilitegemea mno mbao za kwetu, na misonobari ya Mufindi na Njombe ikaezeka nyumba za Nairobi.

Siku hizi Mafinga kuna viwanda, vingi vya Wachina, vinavyomenya mikaratusi kuwa tabaka nyembamba za plaiwudi. Ushuru wa bidhaa za nje nao tunao mmoja na Kenya, tangu Umoja wa Forodha wa 1 Januari 2005. Mwenye kiwanda Mafinga anataka ushuru huo upande. Seremala wa Keko anataka ushuke, maana mteja wake wa Mbagala ana fedha ileile ya mwezi uliopita. Mimi naegemea kwa seremala, walau hadi shiti ya Mafinga iwe imara kama ile ya meli. Yeye ana kipimo chake: hukata kipande, akakitumbukiza katika ndoo ya maji, akalala. Asubuhi kikiwa kimevimba, hanunui.