Kuishi na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda

Mtu aliyelazwa kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu hurudi nyumbani na vidonge vidogo ambavyo atavimeza kwa miezi isiyopungua mitatu, na wengine maisha yao yote. Kwetu, kidonge hicho mara nyingi ni warfarini. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu, lakini inataka uangalizi, na mengi ya uangalizi huo hufanyika nyumbani, mbali na daktari.

Wengi huiita dawa ya kuyeyusha damu, lakini haiyeyushi kitu. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na warfarini huizuia kazi hiyo, hivyo damu huchelewa kuganda. Bonge lililokwishajitengeneza huondolewa na mwili wenyewe polepole. Dawa hulizuia lisikue na lingine lisijitokeze. Ni kweli pia, kama wengine wenu mlivyosikia, kwamba warfarini ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutumiwa na binadamu. Tofauti iko kwenye dozi, na ndiyo maana dozi haichezewi.

Dozi hupangwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR. Asiyetumia dawa hii huwa na karibu 1. Wagonjwa wengi wa damu kuganda hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Wenye vali ya chuma kwenye moyo mara nyingi huwekwa juu zaidi. Ikiwa chini ya hapo, damu inaweza kuganda tena. Ikizidi sana, unaweza kuvuja damu. Mwanzoni hupimwa kila baada ya siku chache, ikitulia hufika mwezi au zaidi. Tunajua nauli ya kwenda hospitali ya wilaya si mchezo, lakini kumeza warfarini bila kupima ni kuendesha gari usiku bila taa. Uwe na daftari: tarehe, namba ya INR, milligramu ulizopangiwa. Na kila unapochukua vidonge vipya soma milligramu kwenye pakiti, kwa kuwa vipo vya nguvu tofauti na duka linaweza kukupa visivyo vile vya mwezi uliopita.

Sasa mboga za majani. Mchicha, sukuma wiki, matembele, kisamvu na majani ya maboga vina vitamini K nyingi, kwa hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Wagonjwa wengi huambiwa waache kabisa. Sisi tunaona ushauri huo haumsaidii mtu ambaye mboga ndiyo kitoweo chake cha kila siku, na wala hauhitajiki. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, ili dozi ipangwe kulingana na chakula chako. Shida huja na msimu. Mvua zikinyesha mboga zinajaa bustanini, unakula mara mbili kwa siku, INR inashuka. Kiangazi zinaadimika, inapanda. Mlo wako ukibadilika hivyo, mwambie mhudumu wa afya na upime mapema. Vivyo hivyo ukiugua ukashindwa kula kwa siku kadhaa.

Hatari kubwa zaidi iko duka la dawa. Ukiumwa mgongo baada ya kulima, usinunue asprini, ibuprofeni wala diklofenaki. Hizo huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni. Panadol kwa dozi ya kawaida, kwa siku chache, ni salama zaidi. Flagyl na Septrin, ambazo watu humeza kama pipi kila tumbo likisokota, hupandisha INR sana. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha, hivyo dozi hulazimika kubadilishwa. Dawa za miti shamba hatuwezi kukuhakikishia, maana hakuna aliyepima kilichomo. Kabla ya kung'olewa jino au kuchomwa sindano ya msuli, sema kwanza kwamba unatumia warfarini.

Mwanamke anayetumia dawa hii asishike mimba bila kupanga na daktari, kwa sababu inaweza kumlemaza mtoto, hasa miezi ya mwanzo. Hubadilishiwa na kupewa sindano za heparini. Ukikosa hedhi, nenda kapime mara moja. Kunyonyesha hakuna shida. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni havimfai mtu aliyewahi kuganda damu. Omba njia nyingine.

Kimbia hospitali ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokoma kwa dakika kumi, au kichwa kuuma ghafla na vibaya. Ukianguka na bodaboda ukagonga kichwa, nenda hata kama hakuna jeraha. Mguu mmoja kuvimba, au pumzi kukatika ghafla, huenda damu imeganda tena.

Ukisahau kidonge na ukakumbuka siku ileile, meza. Ukikumbuka kesho yake, acha hicho kilichopita, meza cha siku hiyo tu, na uandike kwenye daftari.