Deogratias: jina la "kizungu" lililozaliwa Afrika

Hebu jiulize: unawajua akina Deo wangapi? Kama umesoma shule ya bweni Kagera au Kilimanjaro, au umewahi kuishi Bujumbura, Kigali au Bukavu, lazima kuna Deo mmoja kwenye simu yako. Sasa nenda Paris au Berlin ukamtafute. Utazunguka sana. Huko jina hili ni adimu kiasi kwamba ukilitaja, watu watakuomba ulirudie na uliandike herufi kwa herufi.

Nimeanza kulifuatilia kwa sababu ya kikao cha familia. Kaka yangu amepata mtoto wa kiume, akataka ampe jina la marehemu babu yetu, Deogratias. Baba mkubwa akakataa. "Majina ya wazungu yametosha," alisema. "Mpeni mtoto jina la Kiafrika." Kisha akanigeukia mimi: "Wewe si ndiye msomi? Tuambie."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na nilichokikuta nakuletea na wewe, maana huenda kuna Deo kwenye familia yako pia.

Tuanze na maana. Deogratias si neno moja. Ni sentensi ya Kilatini iliyokatwa katikati. Deus ni Mungu. Likigeuka kuwa Deo maana yake ni "kwa Mungu". Gratias ni "shukrani", kwa wingi, likiwa kitendwa cha kitenzi ambacho hakitajwi: tunatoa, tunarudisha. Kwa hiyo Deo gratias ni "[tunatoa] shukrani kwa Mungu". Mkatoliki anayesali kwa Kiswahili hulisema kila Jumapili bila kujua: pale masomo yanapoisha na waamini wakaitikia "Tumshukuru Mungu", kwenye Misa ya Kilatini waliitikia Deo gratias. Mwislamu naye ana neno lake la kila siku, alhamdulillah. Na ukimwita rafiki yako "Deo!" barabarani, kwa Kilatini umesema tu "Kwa Mungu!" ukaishia hapo.

Sawa. Lakini sentensi inageukaje kuwa jina la mtu? Warumi wa zamani hawakuwa na mazoea hayo. Majina yao tunayajua: Marcus, Gaius, Julius. Hakuna sentensi hapo. Ukitaka kuwakuta watu wenye majina ya sentensi za Kilatini, inabidi uvuke bahari ya Mediterania kwenda kusini, hadi Carthage, kwenye nchi ambayo leo ni Tunisia. Na jimbo hilo la dola ya Roma liliitwaje? Africa. Kumbe jina la bara letu zima lilianza kama jina la kipande kile cha kaskazini.

Huko, karne ya nne na ya tano, unakutana na majina ambayo mtu wa Roma angeyashangaa. Kuna Adeodatus, "aliyetolewa na Mungu". Ndilo jina la mtoto wa Augustino wa Hippo. Kuna Quodvultdeus, "atakalo Mungu". Huyo alikuwa askofu wa Carthage. Kuna Habetdeum, "ana Mungu". Na kuna Deogratias. Mtaalamu wa Finland, Iiro Kajanto, alitoa kitabu mwaka 1963 akichunguza majina kwenye maandishi ya Wakristo wa kale wa Roma na wa Carthage, na majina ya namna hii yanaelekeza kidole Afrika.

Kwa nini Afrika? Hapa ndipo isimu inapomsaidia mwanahistoria. Kabla ya Warumi kuiteketeza mwaka 146 K.K., Carthage ilikuwa mji wa watu waliotokana na Wafoinike, wenye asili ya Lebanon ya leo. Lugha yao, Kipuni, ni ndugu wa Kiebrania na Kiarabu. Na majina yao yalikuwa sentensi zenye jina la mungu ndani yake. Hannibal, yule jemadari aliyevuka Alps na tembo, maana yake ni "Baali amekuwa mwema". Hasdrubal ni "Baali amesaidia". Linganisha na Yohana, kwa Kiebrania "Yahwe amekuwa mwema". Hannibal na Yohana ni jina moja kwa umbo, mungu tu ndiye tofauti!

Warumi walileta Kilatini, lakini Kipuni hakikufa siku hiyo hiyo. Augustino, aliyefariki mwaka 430, anasema wazi kwamba kwenye maeneo yake bado kulikuwa na watu wanaokizungumza. Wenyeji walipohamia Kilatini, walihama na desturi yao ya kutoa majina. "Zawadi ya Baali" ikawa "aliyetolewa na Mungu". Maneno ni ya Kilatini, ila namna ya kufikiri ni ya wenyeji.

Deogratias lina historia yake ya ziada. Mwaka 180, huko Carthage, Wakristo 12 kutoka mji mdogo wa Scillium walihukumiwa kifo. Kumbukumbu ya kesi yao ni kati ya maandishi ya kale kabisa ya Kikristo kwa Kilatini, na inaeleza kwamba waliposomewa hukumu walijibu Deo gratias. Mwaka 258 askofu Sipriani wa mji huo huo alijibu vilevile kabla ya kukatwa kichwa. Hadi wakati wa Augustino maneno hayo yalikuwa salamu. Watawa wa upande wake walisalimiana Deo gratias, wakati wapinzani wao, Wadonati, walikuwa na kauli yao, Deo laudes, "sifa kwa Mungu". Yaani ukimsikia mtu anavyosalimia, unajua ni wa upande gani. Jina kama hilo halikuwa pambo.

Deogratias maarufu kuliko wote alikuwa askofu. Mwaka 439 Wavandali, kabila la Kijerumani, waliiteka Carthage na kumfukuza Quodvultdeus, ambaye aliishia Naples. Kiti cha askofu kilikaa tupu miaka mingi. Mwaka 454 akawekwa Deogratias. Mwaka uliofuata mfalme wa Wavandali, Geiseric, alivamia Roma, akaipora kwa siku 14, akarudi na meli zilizojaa mateka. Waliposhushwa bandarini wakaanza kugawanywa: mke huku, mume kule, watoto kwingine.

Victor wa Vita, mwandishi Mwafrika wa karne hiyo hiyo, anasimulia kilichofuata. Deogratias aliuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awakomboe watu wale, familia zisitenganishwe. Makanisa mawili makubwa akayageuza mahali pa kulala, akatandika vitanda na majani makavu. Alikuwa mzee, lakini usiku alipita kwa wagonjwa mmoja mmoja, na matabibu wakiwa naye. Baada ya miaka kama mitatu akafariki.

Fikiria vizuri picha hiyo. Askofu Mwafrika, kwenye bandari ya Afrika, anawanunulia uhuru mateka kutoka Roma. Sisi tuliozoea kusoma habari za Bagamoyo na Zanzibar tumezoea meli zinazokwenda upande mwingine.

Basi jina lilifikaje Bukoba? Kwa mzunguko mrefu. Ukristo wa Carthage ulififia karne zilizofuata, lakini majina ya watakatifu wake yalibaki kwenye kalenda ya kanisa. Wahispania wakawa na Deogracias, wakalipeleka hadi Ufilipino. Kwetu lilikuja na wamisionari Wakatoliki, na katika nchi za maziwa makuu waliotangulia ni Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa Mapadre Weupe. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 huko Algiers na askofu mkuu Charles Lavigerie. Walifika Buganda mwaka 1879, Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892, Save nchini Rwanda mwaka 1900. Na Lavigerie mwenyewe, mwaka 1884, alifanywa askofu mkuu wa mji gani? Carthage. Alikalia kiti kile kile cha Deogratias, na mwaka 1888 akazunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa.

Ila wamisionari walikuja na mamia ya majina ya watakatifu. Kwa nini hili lishike mizizi huku, wakati Ulaya halishiki? Nadhani jibu ni kwamba lilikuta shamba limeshalimwa. Huku jina kuwa sentensi ni jambo la kawaida. Burundi kuna Ndayishimiye, "ninamshukuru", na Nshimirimana, "ninamshukuru Mungu". Rwanda kuna Habimana, "Mungu yupo". Kagera kuna Byarugaba, "ni vya Mungu", ambalo halipo mbali na lile Quodvultdeus. Uchagani kuna Aikaruwa, shukrani kwa Ruwa. Na Waswahili wana Shukuru. Mzazi wa huku aliyeelezwa maana ya Deogratias hakuona kitu kigeni. Aliona jina analolijua, limevaa nguo nyingine.

Ndiyo maana leo unakutana nalo kila mahali. Deogratius Munishi, "Dida", amelinda lango la Taifa Stars. Deo Filikunjombe alikuwa mbunge wa Ludewa hadi ajali ya helikopta ya mwaka 2015. Deogratias Niyizonkiza, aliyekimbia vita Burundi akafika New York mwaka 1994, alirudi kujenga kituo cha afya Kigutu.

Umeona Dida anaandikwa -us? Hilo nalo ni letu. Watu wamezoea kwamba jina la Kilatini la mwanaume huishia -us, kama Julius, wakalisahihisha. Kisarufi -as ndiyo sahihi, maana ni shukrani, si mtu. Lakini jina ni mali ya mwenye nalo, kwa hiyo usimcheke. Shida inakuja pale cheti cha kuzaliwa kinaposema -as, cha kidato cha nne -us, halafu mtu anaanza kuhangaika na viapo kwa wakili akiwa tayari ameitwa kazini.

Nikarudi kwenye kikao na haya yote. Baba mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali zuri kuliko yangu yote: "Hiyo Afrika ya Carthage ni Afrika yetu?"

Nikamwambia ukweli. Hapana, watu wale si mababu zetu, na jina halikutoka kwao likaja moja kwa moja. Lilipita Ulaya na lilikuja na wamisionari, katika zama zile zile za ukoloni. Lakini watu waliolitunga walikuwa wenyeji wa bara hili, waliotawaliwa na wageni, wakachukua lugha ya mtawala wakasema nayo jambo lao wenyewe. Babu yetu alifanya nini tofauti?

Akanyamaza kidogo. "Basi aitwe hivyo," akasema, "na Byarugaba pia."

Mtoto ana majina mawili. Kwenye fomu ya kizazi tumeandika -as, na nimeisoma mara tatu kabla kaka hajasaini.