Dereva Ameketi, Makanga Anaruka

Hapa Kisaju kuna maneno nimeyasikia hadi nimechoka: "Mazoezi ni ya watu wa jimu, mimi sina hiyo saa nzima." Wanaoyasema ni wazazi wetu, na sisi wa miaka ishirini tumeanza kuwaiga. Lakini ukifuata historia, unaona mazoezi hayakuwahi kuhitaji saa nzima.

Twende London, 1949. Daktari Jerry Morris alikuwa anatafuta kwa nini ugonjwa wa moyo unaongezeka. Akaangalia mabasi ya ghorofa. Dereva na makanga, basi ni moja. Dereva ameketi siku nzima. Makanga anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi, ngazi 500 hadi 750 kila siku ya kazi. Matokeo yakatoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 1953: makanga waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Posta pia ikawa hivyo hivyo. Waliopeleka barua kwa miguu na baiskeli waliwashinda makarani wa mezani. Na hakuna kati yao aliyesema anafanya mazoezi. Walikuwa kazini tu, kidogo kidogo.

Sasa rudi kwetu. Nchi hii ya Kaputiei ilikuwa ya kutembea: kufuata ng'ombe, kufuata maji. Kisha ranchi ya pamoja ya Kitengela ikaanza kugawanywa mwaka 1988, zikaja ploti, fensi na estate. Leo mzazi anachukua boda hadi stage, anakaa kwenye matatu Namanga Road, anakaa ofisini, anarudi kukaa kwa kochi. Mwili umekuwa dereva siku nzima.

Wataalamu nao walichelewa kidogo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisema mazoezi yahesabiwe yakifika dakika 10 mfululizo. Mwaka 2020 likaondoa hilo sharti. Lengo kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, na hata vipande vidogo vinahesabika. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Waingereza zaidi ya 25,000 wasiofanya mazoezi, wamevaa vipima mwendo mkononi. Waliokuwa wakijikaza dakika moja au mbili, mara tatu kwa siku, kama kupanda ngazi mbio, walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu nusu ya wale wasiojikaza kabisa. Huo pekee haudhibitishi kila kitu, lakini unakubaliana na makanga wa 1953.

Kwa hivyo usimwambie mamako aende jimu. Mwambie ashuke stage moja kabla ya yake, atembee haraka. Apande ngazi za kazini. Simu ya nusu saa aiongee akizunguka ploti. Kama moyo wake una shida tayari, aanze polepole na amuulize daktari.

Halafu wewe unayesoma hii ukiwa umelala, simama kwanza. Wazazi wanatuangalia pia.