Warsha za mtandaoni zilivyowalea waandishi wa hadithi wa Afrika

Mwaka 2002, Tuzo ya Caine, ambayo hutolewa kwa hadithi fupi za Kiafrika zilizochapishwa kwa Kiingereza, ilikwenda kwa Mkenya Binyavanga Wainaina. Kazi iliyompatia ushindi, "Discovering Home", haikuwa imetoka kitabuni wala katika gazeti la karatasi, bali katika jarida la intaneti. Miongoni mwa waliofika naye hatua ya mwisho alikuwamo Mnigeria Chimamanda Ngozi Adichie. Wawili hao hawakufahamiana Nairobi wala Lagos. Walikutana katika warsha ya uandishi iliyoendeshwa kwa njia ya mtandao.

Kanuni ya warsha

Warsha hiyo, Zoetrope, ilianzishwa na mtengenezaji filamu wa Marekani, Francis Ford Coppola. Mwenye kutaka hadithi yake isomwe alitakiwa kwanza asome na kuhakiki hadithi za wenzake. Adichie alikuwa mwanafunzi nchini Marekani. Wainaina alikuwa ametumia miaka mingi Afrika Kusini. Hakuna kati yao aliyekuwa na jina, wala mchapishaji aliyewasubiri. Walichopata ni wasomaji makini, jambo ambalo mwandishi chipukizi hulikosa zaidi ya karatasi na kalamu.

Faida ya kanuni hiyo ni mara mbili. Kwanza, kinyozi hajinyoi: mwandishi haoni kwa urahisi kasoro ya kazi yake mwenyewe, kwa kuwa akilini mwake anajua hata yale ambayo hakuyaandika. Pili, anayelazimika kueleza kwa nini hadithi ya mwingine imemchosha katika ukurasa wa pili hujifunza kuitambua kasoro hiyo hiyo katika yake.

Yanayofanyiwa mazoezi

Mazoezi ya warsha za namna hii huwa mafupi, na kila moja hulenga mbinu moja. La kwanza ni kuonyesha badala ya kutangaza. Sentensi "Juma aliogopa" humpa msomaji taarifa tu. "Juma aliishika bilauri kwa mikono miwili, na bado maji yakamwagika" humfanya aione hofu yenyewe.

Zoezi la pili ni nafsi ya usimulizi. Tukio moja, kwa mfano ugomvi wa urithi, huandikwa mara mbili: kwanza kwa macho ya mjane, kisha kwa macho ya shemeji yake. Mwandishi hugundua kwamba kubadili msimulizi hubadili pia kinachojulikana, kinachofichwa na anayeonewa huruma.

La tatu ni mazungumzo. Wahusika wawili hupewa jambo ambalo wote wanalijua lakini hakuna anayethubutu kulitaja. Mengine ni ya msuko: kuanza hadithi katikati ya tukio, kutumia mbinu rejeshi bila kumpoteza msomaji, na kuijenga taharuki kwa kuchelewesha jibu.

Matunda yake

Mwaka 2003, Wainaina na wenzake walianzisha jijini Nairobi jarida la Kwani?. Mwaka huo huo, hadithi iliyotoka katika jarida hilo, "Weight of Whispers" ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliipatia Kenya Tuzo ya Caine kwa mara ya pili mfululizo. Mhusika wake mkuu ni Mnyarwanda wa ukoo wa kifahari aliyekimbilia Nairobi baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Maisha ya ukimbizi katika nchi jirani yaliingia hivyo katika fasihi ya Afrika Mashariki kupitia jarida ambalo lilikuwa limezaliwa karibuni tu.

Wainaina alifariki dunia Mei 2019, lakini desturi hiyo iliendelea. Mwaka 2013, waandishi vijana waliokutana katika warsha jijini Nairobi walianzisha Jalada, kundi linalochapisha kazi zake kwenye mtandao.

Swali la lugha

Zoetrope ilifanya kazi kwa Kiingereza, na Tuzo ya Caine pia. Kwa mwenye kuota kwa Kiswahili, mlango huo ulikuwa wazi nusu. Jalada ilijaribu kuufungua zaidi: Machi 2016 ilichapisha ngano ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Kikuyu, kuhusu sababu ya binadamu kutembea wima. Ilitoka pamoja na tafsiri za lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Kwa upande wa riwaya, mashairi na hadithi zilizoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili, ipo tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa huitwa Safal-Cornell.

Tahadhari

Maoni mengi si lazima yawe maoni mema. Hadithi inayorekebishwa ili kumridhisha kila mhakiki huishia kufanana na nyingine zote, na mara nyingi kinachofutwa kwanza ni methali, jina la mtaa au ladha ya lafudhi ambayo msomaji wa mbali hakuielewa. Mhakiki anapoonyesha mahali alipopotea, huwa anasema kweli kuhusu usomaji wake. Anapoagiza namna ya kurekebisha, uamuzi hubaki kwa mwenye hadithi.

Wala si lazima kuwe na tovuti kubwa. Watu watano wenye simu, wanaokubaliana kwamba hakuna atakayeleta hadithi kabla ya kusoma za wenzake, tayari wana warsha, na wanaweza kuiendesha kwa Kiswahili.